Akili unde ya viberiti 24

Kipindi cha kwanza cha akili unde mara nyingi huanza na projekta na programu ya kujibu maswali. Wanafunzi wanaiuliza matokeo ya mpira, wanacheka, kengele inagonga, na hakuna hata mmoja anayeweza kueleza hiyo mashine ilijifunzaje. Kwa watoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili, anza na viberiti vitupu. Havitaki umeme wala bando, na kila kitu mashine inachokijua kinaonekana kwa macho.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1961 mtafiti wa Uingereza, Donald Michie, aliunda mashine ya viberiti 304 iliyojifunza mchezo wa X na O, akaiita MENACE. Viberiti 304 kwa darasa la shule ni adhabu. Mwaka uliofuata Martin Gardner wa Marekani alibuni mchezo mdogo zaidi, hexapawn, unaohitaji viberiti 24 tu. Huo ndio wa kufundishia.

Chora ubao wa miraba 9, tatu kwa tatu. Kila upande una kete 3 kwenye mstari wake wa nyumbani. Vizibo vya soda vinafaa, upande mmoja vimelala kifudifudi, mwingine chali. Kete husogea mbele mraba mmoja ikiwa ni mtupu, na hula kwa mshazari. Anayefikisha kete mstari wa mwisho ameshinda. Vivyo hivyo anayemaliza kete za mwenzake au kumfungia asiwe na pa kusogea. Sare haipo. Hapa watoto waliozoea drafti watakukorofisha: watataka kuruka juu ya kete wanayoila. Waambie mapema kwamba kete inayokula inakaa pale pale alipokuwa aliyeliwa. Wacheze wao kwa wao kwanza mpaka sheria zikae.

Mtu huanza, mashine hufuata. Juu ya kila kiberiti chora hali moja ya ubao ambayo mashine inaweza kuikuta ikifika zamu yake, kisha mishale ya hatua zote halali, kila mshale rangi yake. Rangi 4 zinatosha. Ndani weka ushanga mmoja kwa kila mshale. Hali mbili zinazofanana kama mtu na kioo chake zihesabu kuwa moja. Kundi likizitenganisha halijaharibu kitu, ila mashine itachelewa, kwa sababu kinachojifunzwa kwenye kiberiti kimoja hakikifikii cha pili.

Zamu ya mashine ikifika, mwanafunzi anatafuta kiberiti chenye picha ya ubao ulivyo, anafumba macho, anatoa ushanga mmoja na kucheza mshale wa rangi hiyo. Ushanga unabaki juu ya kiberiti mpaka mchezo uishe. Hapa ndipo makundi mengi huharibu: wakiurudisha mapema, mwisho wa mchezo hakuna ajuaye mashine ilicheza nini.

Mashine ikishinda, shanga zote zinarudi. Ikishindwa, ushanga wa hatua yake ya mwisho unatolewa moja kwa moja. Ikikuta kiberiti kitupu, imekubali kushindwa, na unaotolewa ni ushanga wa hatua iliyotangulia, maana njia iliyoileta hapo nayo ni mbovu.

Mfano wa kuonyesha ubaoni: mtu anafungua kwa kete ya katikati, mashine inajibu kwa kusogeza mbele kete ya pembeni. Mtu anakula kwa mshazari kete ya pembeni ya upande wa pili, na tayari amefika mstari wa mwisho. Mchezo umekwisha kwa hatua tatu. Ushanga ule ukitoka, mashine haitarudia kosa hilo kamwe, na hakuna aliyeieleza chochote.

Shanga ziwe za ukubwa mmoja. Maharage, kunde na mahindi yanavutia kwa kuwa ni bure, lakini vidole vinatambua punje hata macho yakiwa yamefumbwa, na mwanafunzi anayetaka mashine ishinde atachagua. Kama shanga hazipatikani, kata vipande vya karatasi vilivyo sawa na uvipake rangi.

Kundi la watu 4 linatosha: mpinzani, mwendeshaji wa mashine, mtunza viberiti, na mwandishi wa matokeo. Tenga vipindi viwili vya dakika 40, bila kuhesabu muda wa kuchora. Mwandishi aweke alama ya kila mchezo kwa mpangilio, ili waone kushindwa kunavyopungua. Waulize pia: mashine inaweza kushindwa mara ngapi kwa jumla? Kila kushindwa kunaondoa ushanga mmoja, kwa hiyo haiwezi kuzidi idadi ya shanga mlizoanza nazo. Watoto wa hesabu hulipenda swali hili.

Somo kubwa liko mwishoni. Liache kundi moja liipe mashine yake mpinzani anayecheza ovyo, kisha ipambane na bingwa wa darasa. Itapigwa. Hatua zake mbovu hazikuwahi kuadhibiwa, basi shanga zake bado zimo. Ukifika hapa, neno “data” linaeleweka bila fasili.

Baadaye, kama shule ina kompyuta na intaneti, nenda Teachable Machine ya Google, inayofunzwa ndani ya kivinjari kwa kamera. Picha 40 hivi za kikombe na 40 za chupa zinatosha kuanzia. Ukipiga vikombe vyote juu ya dawati na chupa zote dirishani, mashine itajifunza dawati na dirisha. Ongeza kundi la tatu la picha zisizo na kitu, la sivyo hata ukuta mtupu utaitwa kikombe au chupa: mashine hulazimika kuchagua kati ya majina uliyoipa. Na kamera ielekezwe kwenye vitu, si kwenye nyuso za watoto.