Siku mbili katika udongo wa Yan'an

Treni ya kutoka Xi'an ilitushusha asubuhi Yan'an, mji wa kaskazini mwa China, nasi tukaiacha pagoda ya kilimani tukaenda moja kwa moja Yangjialing. Makao makuu ya Chama cha Kikomunisti cha China yalikuwa mjini hapa tangu Januari 1937 hadi Machi 1947; yalisogezwa kwenye bonde hili baada ya mabomu ya Wajapani ya Novemba 1938.

Ingia pangoni, uguse ukuta. Hizi ni nyumba za wakulima wa mkoa huu wa Shaanxi tangu zamani, wanamapinduzi walizikuta. Mchimbaji huukata mteremko wima, upande wa kusini ili jua la kipupwe liingie, kisha huchimba kwenda ndani akiacha dari la upinde, linaloshusha uzito wa kilima kwenye kuta mbili. Moshi wa jiko hupita chini ya kitanda cha matofali kabla ya kutoka nje, basi kuni za kupikia ndizo za kupashia malazi. Kinachoua pango ni maji: udongo huu wa njano mkavu husimama imara, ukilowa huporomoka. Mvua za Julai 2013 ziliangusha mapango mengi, watu wakafa.

Hatua chache kutoka mapangoni ndipo Mao alipozungumza na waandishi na wasanii Mei 1942, akidai sanaa iwatumikie wafanyakazi, wakulima na askari. Wang Shiwei, aliyeandika kwamba wakubwa wanakula na kuvaa kwa madaraja, alikamatwa, akauawa 1947. Kwangu hilo lina uzito sawa na ushindi wowote unaosimuliwa hapa.

Kesho yake, bonde la Nanniwan. Mwaka 1941, ruzuku ya serikali ya Chiang Kai-shek, mpinzani wa Wakomunisti, imekatwa na njia zimezibwa, Brigedi ya 359 ya jeshi la Wakomunisti chini ya Wang Zhen ilishika majembe ikafyeka pori. Msomaji wa Azimio la Arusha atalitambua neno: kujitegemea. Lakini jembe peke yake halikutosha. Wanahistoria waliochunguza hesabu za wakati ule wameonyesha kwamba kasumba, yaani afyuni, nayo iliingiza fedha.

Tulimalizia Liangjiahe, kijiji alikoishi Xi Jinping, kiongozi wa China, tangu 1969 hadi 1975 akiwa kijana aliyepelekwa kujifunza kwa wakulima. Wageni wanaonyeshwa pango alimolala na shimo la gesi ya samadi alilosimamia. Oktoba 2022, siku chache baada ya mkutano mkuu wa 20 wa chama, aliwaleta viongozi wenzake sita Yangjialing, kwenye ukumbi uleule ambamo mkutano wa 7, mwaka 1945, uliingiza fikra za Mao katika katiba ya chama.