Neno lililokatwa kwa wino mwekundu

Wiki hii kibali cha ukaazi cha Baba Zuhura kimetoka hatimaye na nyumba tumehama, lakini moyo wangu umebaki mlangoni mwa darasa, mwalimu akiwa ameshika daftari la mwanangu. Chini ya picha ya tunda Zuhura alikuwa ameandika "embe", na neno hilo lilikatwa kwa wino mwekundu.

"Signora, nyumbani zungumzeni Kiitaliano tu. Hiyo lugha yenu inamchanganya mtoto."

Nami nikajibu, "Sawa, mwalimu."

Kila usiku "sawa" hiyo hunirudia na kunichoma upya, kwa sababu sikukubali hata kidogo.

Hapa Roma hapa, Chuo Kikuu cha Sapienza, alifundisha Tullio De Mauro, yule mwanaisimu niliyewahi kuwasimulia. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 alikadiria kwamba Italia ilipoungana, mwaka 1861, wananchi waliokisema Kiitaliano walikuwa asilimia 2.5 tu, waliobaki walizungumza lahaja za kwao, lahaja ambazo watoto walikuja kuaibishwa kwazo shuleni. Mwaka 1975 yeye na wenzake walitoa hoja 10 kuhusu elimu ya lugha, wakishikilia kwamba mwalimu aanzie kwenye lugha anayokuja nayo mtoto, kisha amwongezee nyingine bila kumvua ile ya kwanza. Mwaka huohuo alichaguliwa kuingia baraza la mkoa wa Lazio, na kuanzia Aprili 2000 hadi Juni 2001 alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Giuliano Amato, muda mfupi mno kwa mtu mwenye fikra za namna ile.

Jana jioni nilimweleza Zuhura habari hizo kwa lugha ya mtoto. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo mama, niliandike tena?" Akaliandika kwa penseli, herufi kubwa kubwa, "embe", na pembeni yake "mango". Nilifurahi hadi machozi yakanilenga.

Sikumwambia habari ya kaka yake De Mauro, mwandishi wa habari Mauro, aliyetekwa Palermo Septemba 1970 na hakuonekana tena. Tullio alifariki Januari 2017, miaka 46 baadaye, bila kaburi la ndugu yake la kuzuru.

Kaka yetu wa Tanga hajapokea simu tangu Jumanne. Mama anasema huenda yuko baharini, lakini chombo chake huwa hakilali nje zaidi ya usiku mmoja.