Siku moja maishani mwangu: zamu ya Sokorte Dika, Marsabit

Saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu umetanda msituni. Mimi ni skauti wa msitu, yaani mlinzi, hapa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, na zamu ya leo ni Sokorte Dika, ziwa dogo la kinamasi lililo ndani ya kreta. Naandamana na renja mwenye bunduki, maana katika ukungu huu unaweza kumfikia ndovu kabla hujamwona.

Saa moja na nusu tuko chini ya miti inayodondosha maji, na mvua hakuna. Natamani kila mkazi wa mji wetu asimame hapa japo dakika tano. Mlima huu umezungukwa na nchi kame. Jangwa la Chalbi liko huko chini. Usiku upepo wa tambarare hupanda mlima, hupoa, hugeuka ukungu, nao msitu huudaka. Matawi yamejaa ndevu za kijivu zinazoning'inia. Nimeshika fungu moja nikaliminya, maji yakanitiririka hadi kwenye kiwiko. Mto wa kudumu hatuna. Maji yanayozama chini ya miti hii ndiyo yanayolisha chemchemi za Bakuli, na mji hunywa kutoka huko.

Saa tatu tuko ukingoni. Huwezi kukanyaga ovyo: nyasi zinaonekana imara, kumbe chini ni tope la kumeza buti. Nyayo za ndovu zimejaa maji, na ndani ya unyayo mmoja viluwiluwi wanaogelea. Lakini ukanda wa tope lililopasuka umepanuka tangu wiki jana. Naandika kwenye daftari.

Saa tano tunakutana na mama mwenye mzigo wa kuni. Katikati ya kuni kavu kuna tawi bichi la mzeituni mwitu.

"Mama, hili lilikuwa bado hai."

"Hata watoto wangu wako hai, kijana. Na gesi ni bei."

Tawi nimelichukua, kuni kavu nimemwachia. Mbio zangu ni za kuwafuata wanaoangusha mti mzima usiku ili wauze. Ila kusema kweli, mradi mji unapikia kuni, kazi yetu itabaki nusu.

Mchana ni chai na chapati, basi.

Saa tisa, pembeni mwa msitu, mzee mchungaji anauliza kama ziwa lina maji. Hawezi kuingiza ng'ombe hifadhini, na anajua. Lakini tangu mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na watu walizika mifugo yao, mali yao yote, kwa hiyo swali lake silichukulii kuwa dogo. Anasema ujanani alimwona Ahmed, yule ndovu wa pembe ndefu aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 hadi alipokufa 1974. "Alipokuwa akinywa maji, hatukuwa tukimharakisha," anasema.

Saa kumi na moja na nusu ndovu wanateremka kunywa. Ndama anateleza kwenye tope, mamake anamsukuma kwa mkonga. Wakimaliza wanapanda upande wa mashamba. Napiga simu kwa mwenye shamba la mwisho.

"Wangapi?"

"Saba, na mdogo mmoja."

"Haya, nawaita vijana wawashe moto wa kuwafukuza."