Nimerudi Dodoma, na nchi yangu naipenda

Tangu nishuke kwenye treni ya SGR, kila ninayekutana naye ananiuliza kama najivunia nchi. Najivunia sana. Nilipoondoka kwenda Afrika Kusini, kutoka Dar kuja huku kulimaliza siku nzima kwenye basi. Leo ni safari ya kama saa nne tu. Mtumba niliiacha pori, sasa imejaa wizara. Nikisikia "mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, pale soko la Majengo, au nikiandaliwa ugali wa uwele na mlenda, moyo unanijaa. Huo ndio uzalendo wangu na siuonei haya.

Ila barazani baba mdogo alisema jambo lililoninyima usingizi. Tulikuwa tunaongelea amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara ndogo 15, zikiwemo saluni, ufundi simu na uwakala wa fedha. "Safi sana, mwanangu," akasema. "Na waondoke wote, wametuzidi."

Amri yenyewe naielewa. Mmachinga aliyekopa kwenye vikoba anastahili kulindwa dhidi ya mtu anayekuja na mtaji mnono kutoka nje. Kilichonitisha ni wepesi wa baba mdogo kutoka kwenye leseni hadi kwenye watu.

Maneno kama yake niliyasikia sana Johannesburg. Mei 2008 vurugu dhidi ya wageni zilianzia Alexandra, kitongoji cha jiji hilo, zikasambaa, na watu 62 wakauawa. Kati yao 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe! Hapo nilielewa utaifa wa namna ile unavyofanya kazi. Huanza na mgeni wa kweli, kisha unamgeukia jirani mwenye lafudhi tofauti. Kuipenda nchi si lazima. Inatosha kupata mtu wa kumchukia. Jirani yangu Mzulu, aliyetuficha nyumbani kwake huku wenye marungu wakipita nje, ndiye niliyemwona anaipenda Afrika Kusini.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wa Dodoma tuna historia na nchi ile. Ukikata kona Mbande unafika Kongwa, kwenye stesheni ya reli iliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza. Kuanzia 1964 pakawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe, MPLA ya Angola. Uhuru wetu wenyewe ulikuwa mchanga, hazina haina kitu, na ukame wa Ugogo mnaujua. Bado walipokelewa. Wapo waliozaa na wenyeji, wapo waliozikwa palepale.

Halikuwa jambo la bahati. Mwaka 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao, Nyerere alikataa katakata na kusema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuukubali ubaguzi huo. Na wana-TANU walikuwa wanaahidi kwa sauti: binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja.

Nilimweleza baba mdogo haya yote, akabisha. Enzi hizo, anasema, ardhi ilikuwa tele. Siku hizi viwanja vya Dodoma vinagombaniwa. Ana hoja, maana bei zimepaa tangu serikali ihamie. Lakini wengi waliovinunua ni Watanzania wenzetu kutoka mikoa mingine. Nikamuuliza: "Baba, tukishamfukuza Mkongo, zamu ya nani? Msukuma? Mchaga?" Akanyamaza, kisha akasema ni maneno tu. Hata Alexandra yalianza kama maneno.

Tumekubaliana Jumamosi twende Kongwa na wajukuu zake wakayaone yale makaburi. Wananiambia shuleni hawajawahi kupelekwa, na hilo linanisikitisha. Walimu wa Dodoma mnaosoma hapa, ni safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Wapelekeni watoto.