Kila Kazi na Majira Yake

Ni muda mrefu sasa tangu nianze kujaribu kuishi taratibu na bila kuielemea dunia, na nikiulizwa siri yake ni ipi, jibu langu huwavunja moyo wengi kwa sababu halina kitu cha kununua. Siri ni kusubiri. Karibu kila kazi ya nyumbani ina majira ambayo jua, mvua, upepo au ubaridi huifanya bure, na sehemu kubwa ya umeme, maji na fedha tunazopoteza hutokana na kulazimisha kazi ya majira haya ifanyike katika majira yale. Anayekausha mablanketi kwa mashine katikati ya mvua, anayemwagilia bustani saa sita mchana wa kiangazi, anayetaka tunda ambalo msimu wake ulikwisha kitambo, wote huilipia haraka yao, na mazingira hulipa pamoja nao.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu maisha endelevu yamegeuka kuwa orodha ya manunuzi: chupa mpya, mswaki wa mianzi, mitungi ya kioo ya kuhifadhia vitu vilivyokuwa vikikaa salama kabisa katika makopo ya zamani. Kwa maoni yangu, chombo kisichochafua mazingira kuliko vyote ni kile ambacho tayari kimo kabatini, hata kama kina kovu na mfuniko wake haufanani nacho.

Anayetaka kuishi hivi hana budi kuanza kwa kuyajua majira ya mahali anapoishi, si ya mahali pa mtu mwingine. Majira hayaletwi na umbali wetu na jua. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, wakati ambapo nusu yake ya kaskazini imo kwenye baridi. Yanaletwa na mwinamo wa mhimili wa dunia, takriban nyuzi 23.4, ambao huzifanya nusu mbili za dunia zielekee jua kwa zamu. Mbali na ikweta, mwinamo huo hurefusha na kufupisha siku kiasi cha kuugawa mwaka kwa joto na baridi. Karibu na ikweta urefu wa siku haubadiliki sana, na kinachougawa mwaka ni ukanda wa mvua unaolifuata jua likienda kaskazini na kurudi kusini, pamoja na pepo zinazogeuza uelekeo. Ndiyo maana kalenda nyingi za kuishi kwa misimu, zenye majira manne, majani yanayopukutika na theluji, hazimsaidii mtu ambaye mwaka wake una vipindi viwili vya mvua na viwili vya ukavu. Kalenda inayofaa ni ile unayoiandika mwenyewe.

Kuandika huko si jambo la ajabu wala la kisasa. Robert Marsham, mwenye shamba huko Norfolk, Uingereza, alianza mwaka 1736 kunakili siku ambazo miti ilichipua, ndege walirejea na vyura walianza kulia, na kizazi baada ya kizazi cha familia yake kiliendelea na kazi hiyo hadi mwaka 1958. Huko Kyoto, Japani, kumbukumbu za kuchanua kwa micheri zinarudi nyuma hadi karne ya tisa, na ni kumbukumbu hizo zilizowawezesha wataalamu kutambua kwamba kilele cha maua cha tarehe 26 Machi 2021 kilikuwa cha mapema kuliko vyote vilivyokuwa vimeandikwa hadi wakati huo katika miaka ipatayo 1,200. Daftari langu halina ukuu huo. Naandika mvua ya kwanza ya maana, siku ambayo upepo umegeuka, mti uliotangulia kutoa maua, na wiki ambayo nguo zilianza kuchelewa kukauka. Hata hivyo, ukiwa na kurasa za miaka michache hutabahatisha tena: unajua lini usafishe paa, lini ufue mapazia na lini usithubutu kupanda.

Chukua mvua. Milimita 1 ya mvua ikiangukia mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1 ya maji, kwa hiyo paa dogo la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 huteremsha lita 1,000, na hata ukiondoa robo nzima kwa kinachorukia nje na kinachovuja, hubaki lita 750. Kazi inayowezesha hayo haifanyiki mvua inaponyesha. Hufanyika katika wiki za mwisho za ukavu, kwa kuzoa majani kwenye mifereji ya paa, kukaza viungio vya mabomba na kufunga wavu wa matundu madogo juu ya tangi ili mbu wasizalie humo. Maji ya kwanza ya msimu nayaacha yapite na kwenda kwenye miti, kwa kuwa yanaosha vumbi na vinyesi vya ndege vilivyokusanyika miezi yote. Yanayofuata ni ya kufulia, kusafishia na kumwagilia, na maji hayo, bustani ikifunikwa matandazo ya nyasi kavu na kumwagiliwa alfajiri au jioni, hudumu muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani.

Ukavu nao una kazi zake. Jua la utosi lisilo na mawingu huleta karibu wati 1,000 za nishati kwenye kila mita ya mraba ya ardhi, ilhali mashine ya kawaida ya kukaushia nguo hutumia takriban kilowati-saa 2 hadi 4 kwa mzigo mmoja. Kwa hiyo kila kitu kizito, yaani mablanketi, mapazia, magodoro na mazulia, hungoja kiangazi, nami katika majira ya unyevu hufua vile vyepesi tu ambavyo upepo wa kibarazani unaviweza. Upepo, kwa kweli, hausifiwi inavyostahili: unaondoa hewa iliyokwisha kushiba maji karibu na nguo na kuleta nyingine yenye kiu, na ndiyo maana kivuli chenye upepo hukausha shati bila kulipausha rangi, jambo ambalo jua kali haliwezi kulikwepa usipoigeuza nguo ndani nje.

Kuhusu joto la nyumba sitasema mengi. Mahali ambapo usiku hupoa, madirisha yafunguliwe usiku na alfajiri, kisha yafungwe pamoja na mapazia kabla jua halijapanda, ili kuta zihifadhi ule ubaridi. Mahali ambapo usiku hubaki na joto la unyevu, mbinu hiyo haina maana, na ni afadhali kuacha hewa ipite muda wote na kuwasha feni, ambayo kwa kawaida haihitaji zaidi ya wati mia moja hata ikizunguka kwa kasi. Kivuli kilicho nje ya dirisha, kiwe cha mti au cha turubai, hufanya kazi kuliko pazia lililo ndani, kwa sababu joto likishapita kioo limekwishaingia nyumbani.

Kinachonivutia zaidi ni biwi la mboji, kwa kuwa hapo ndipo majira yanapoonekana kwa macho na kusikika kwa pua. Mwaka 2022, kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya kiasi hicho ilitoka majumbani. Mabaki hayo yakifukiwa jalalani bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 huhifadhi joto zaidi ya mara 80 kuliko kiasi kilekile cha kaboni dioksaidi. Yakirundikwa yakiwa na hewa ya kutosha, huliwa na vijidudu vya aina nyingine na kuwa udongo. Vijidudu hivyo vinataka kaboni ipatayo sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu moja ya nitrojeni, na hiyo ndiyo sababu maganda mabichi, yenye nitrojeni nyingi, hufunikwa kila mara kwa vitu vyenye kaboni nyingi: majani makavu, vipande vya karatasi au takataka za mbao.

Biwi lililopangwa vizuri hupata joto la nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi katikati yake, na ukilifunua asubuhi ya baridi utauona mvuke ukipanda na utashindwa kuuacha mkono wako ndani. Kiangazi kikifika linakauka na kusimama; hapo hulinyunyizia maji hadi konzi ya mboji ikikamuliwa itoe tone moja au mawili tu. Mvua zikianza, shida ni kinyume chake: maji huziba nafasi za hewa, harufu ya mayai yaliyooza hutokea, na dawa yake ni kuligeuza kwa uma, kuongeza majani makavu na kulifunika. Anayejua hivyo hulimbikiza gunia moja au mawili ya majani makavu wakati yanapatikana, kwa sababu msimu unaoyahitaji si ule unaoyaleta.

Siku ambazo haiwezekani kufanya kazi nje ni siku za sindano na uzi. Nguo zilizopasuka hujikusanya kapuni katika miezi ya shughuli nyingi, kisha mvua au baridi inapotufungia ndani, vifungo hurudishwa, visigino vya soksi hufumwa upya na mpini wa jembe uliolegea hupigwa kabari. Watu hudhani kwamba kushona kiraka ni kupoteza muda, lakini muda huo ulikuwa utumike vipi, jioni ya mvua, kama si kutazama simu?

Mwisho wa msimu wa mavuno huja kazi ya mbegu, nayo ndiyo isiyovumilia haraka hata kidogo. Tunda la kutolea mbegu huachwa kwenye mmea likomae kupita kiwango cha kuliwa, na ni lazima mmea wenyewe usiwe chotara wa dukani, kwa kuwa watoto wa chotara hawafanani na mzazi. Mbegu za nyanya zina ute unaozizuia kuota. Huzikamulia kwenye bilauri pamoja na maji kidogo na kuziacha siku mbili au tatu, mpaka ngozi ya ukungu itande juu na harufu ya uchachu isikike mlangoni. Nikizikoroga, zilizo nzima huzama na tupu huelea. Baada ya kuziosha, huzitandaza kwenye sahani kivulini, kamwe si kwenye karatasi, maana zikigandamana nayo hazibanduki tena.

Kanuni iliyoachwa na mtaalamu wa mbegu James Harrington inasema kwamba kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, au joto la mahali inapohifadhiwa kwa nyuzi 5 za Selsiasi, maisha yake huongezeka maradufu. Haihusu kila mbegu, kwa kuwa zile za embe, parachichi na kakao hufa zikikaushwa na zinapaswa kupandwa zikiwa bado mbichi; lakini kwa mboga nyingi, bahasha ndani ya chupa iliyofungwa, mahali penye kivuli na ubaridi, inatosha. Kabla ya msimu wa kupanda huchukua mbegu kumi, nikazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu na kuzihesabu baada ya wiki moja hivi. Zikiota nyingi, napanda kama kawaida. Zikiota nusu, naongeza idadi kwenye kila shimo. Na zikiwa chini ya hapo, zilizobaki huenda kwenye biwi la mboji, nami hubisha hodi kwa jirani niliyemgawia mbegu mwaka uliopita.