Nilivyofika kwenye kikombe kisichobadilika-badilika

Nilipoanza kuchuja kahawa nyumbani nilitaka jambo moja tu: kikombe cha leo kifanane na cha jana, ikiwa cha jana kilikuwa kizuri. Kahawa ileile, chujio lilelile, maji yaleyale, lakini leo kikombe kitamu na kesho kinakunja uso. Kilichonitoa hapo ni mizani ndogo ya jikoni. Ningeulizwa leo mtu aanze kununua nini, ningetaja mizani kabla ya kifaa kingine chochote.

Kijiko hakiaminiki. Kahawa iliyokaangwa sana huvimba na kuwa nyepesi, iliyokaangwa kidogo hubaki nzito na imeshikana, hivyo kijiko cha hii na kijiko cha ile havilingani uzito. Nikahamia kwenye gramu: kahawa gramu 15, maji gramu 240, yaani sehemu 1 kwa 16. Kwa kuwa mililita 1 ya maji ina uzito wa gramu 1 hivi, mizani ileile hupima vyote viwili. Naweka kikombe na chujio juu yake, narudisha sifuri, namimina huku nikitazama namba. Anayependa kahawa nzito ashuke hadi 1 kwa 15, anayependa nyepesi apande hadi 1 kwa 17. Mimi nimebaki na 16.

Chujio langu ni la umbo la koni, lina tundu moja kubwa chini na hukaa karatasi ndani. Karatasi hiyo ni ubunifu wa Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, aliyechoka na uchungu na machicha kikombeni. Alitoboa chombo, akatandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe, na mwaka 1908 akasajili ubunifu wake. Karatasi huzuia machicha laini pamoja na sehemu kubwa ya mafuta ya kahawa, ndiyo maana kikombe chake hutoka safi. Kabla ya kutia kahawa naisuuza kwa maji ya moto ili harufu ya karatasi iondoke na chujio lipate joto, kisha namwaga maji hayo.

Sasa nije kwenye kusaga, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipo. Katika uzito wa kahawa iliyokaangwa, takriban asilimia 30 ndiyo inayoweza kuyeyuka majini, na ladha nzuri kwa kawaida hupatikana maji yakichukua kati ya asilimia 18 na 22. Asidi hutangulia kutoka, utamu hufuata, na vitu vichungu huchelewa. Kahawa ikisagwa chengachenga mno, maji hupita haraka yakiwa yamebeba uchachu tu. Ikisagwa laini mno, maji hukwama na kuondoka na kila kitu, pamoja na kile ambacho hakuna anayekitaka. Kwa chujio la koni, lenga chembe zinazokaribia ukubwa wa mchanga.

Kinu cha mkono chenye meno ya kusagia ndicho ninachopendekeza. Mashine ya visu hukatakata ovyo na kuacha unga na vipande vikubwa pamoja, kwa hiyo kikombe kimoja huwa kichachu na kichungu kwa wakati mmoja, na hapo huwezi kujua urekebishe nini. Tena nasaga muda uleule wa kuchuja, maana kahawa iliyokwisha kusagwa hupoteza harufu upesi.

Njia iliyonifikisha ni kushika kila kitu palepale na kubadilisha mpangilio wa kinu peke yake. Nilianza na chenga kubwa, nikaonja, nikasogeza hatua moja kuelekea laini, nikaonja tena. Mwanzoni kutofautisha uchachu na uchungu ni kugumu kuliko watu wanavyodhani. Uchachu hukupokea mara tu unapoweka kahawa mdomoni na hujaza mate. Uchungu hubaki ukishameza, na ukizidi huacha ulimi mkavu. Onja kahawa ikiwa imepoa kidogo, kwani joto kali huficha yote hayo. Uchachu ukizidi, saga laini zaidi. Uchungu ukizidi, rudi nyuma. Nilifika mahali uchachu ukageuka kuwa utamu wa tunda lililoiva, na hapo kinu changu kimetulia.

Kumimina kwenyewe hakuchukui maneno mengi. Maji ya kwanza ni gramu 30, mara mbili ya uzito wa kahawa, yakilowesha unga wote. Utaona unavimba na kutoa mapovu: ni hewa ya kaboni dayoksaidi iliyobaki ndani tangu kukaangwa, na isipopewa nafasi ya kutoka huzuia maji kupenya. Nasubiri sekunde 30 hadi 45. Kisha namimina taratibu kwa kuzungusha hadi 150, nangoja kina kishuke, namalizia hadi 240. Tone la mwisho likianguka kati ya dakika 2 na nusu na dakika 3 na nusu, najua kinu hakijahama. Kahawa isiyovimba kabisa mara nyingi ni ya zamani, na hakuna ufundi utakaoifufua. Ndiyo maana sinunui mfuko usio na tarehe ya kukaangwa.

Maji yawe na joto la nyuzi 92 hadi 96. Bila kipimajoto, chemsha, funua birika, subiri nusu dakika. Kahawa iliyokaangwa kidogo huvumilia hata maji yaliyotoka kuchemka. Ile nyeusi sana huhitaji yaliyopoa zaidi. Maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa, hutoa kahawa iliyopooza kwa kukosa madini, na yenye chokaa nyingi huua uchangamfu wake.

Wakija wageni, kwa vikombe viwili naweka gramu 30 kwa 480, maji ya kwanza yakiwa 60, na nasogeza kinu hatua moja kuelekea chenga, kwa sababu unga ukiwa mwingi maji hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kushuka.