Pampu ya Mjomba na umeme wa Brisbane

Juni 2022 Tanga nzima ilikuwa na mazungumzo mamoja, bei ya mafuta. Vita ya Ukraine ilianza Februari, petroli ikapaa, serikali ikaingiza ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi huo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi vijana wa bodaboda pale Mabawa walikuwa wakisubiri EWURA, mamlaka inayosimamia bei ya mafuta, watoe bei kikomo, kisha mmoja anasoma kwenye simu kwa sauti, mkoa kwa mkoa, mpaka afike Tanga.

Barazani kwetu baada ya Isha tulikuwa wale wale. Mjomba wangu, aliyesimamia kituo cha mafuta miaka mingi kabla ya kupumzika. Jirani yetu, fundi seremala. Kijana wa bodaboda anayeweza kukaa na kikombe kimoja cha kahawa saa nzima. Na mimi, mwalimu wa biashara, ambaye kazi yangu pale ni kubishiwa.

Jumanne ya tarehe 14 mdogo wangu alipiga simu kutoka Brisbane, anakofanya kazi ya zamu kwenye ghala la baridi la nyama. Sisi tunamaliza kula, kwao saa tisa usiku. Nikaweka spika, simu nikaiegemeza kwenye sahani ya kashata.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona hujalala?"

"Niko kazini. Leo nusu ya taa tumezima, tumeambiwa umeme unaweza usitoshe."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Australia nako mgao! Nchi inayopakia makaa ya mawe melini kuuzia dunia! Mdogo wangu akasema hapana, si mgao bado, ila serikali na wenye mitambo wanavutana bei. Yule wa bodaboda akainua kichwa. Neno bei lilimtosha.

"Kwani huko umeme una mnada?"

Nikaona hapa ndipo mwalimu anapopata riziki. Nikamwambia afikirie mnada wa samaki pale Deep Sea, ila kila baada ya dakika 5, usiku na mchana. Kila mwenye mtambo anasema ana megawati ngapi na atauza kwa shilingi ngapi. Msimamizi wa soko, kule wanamwita AEMO, anachukua wa bei ya chini kwanza, kisha anayefuata, mpaka mahitaji yatoshe. Tofauti na samaki ni hii: bei ya yule wa mwisho aliyechukuliwa ndiyo wanayolipwa wote, hata aliyetaka kidogo. Mwaka ule siku za kawaida bei iliruhusiwa kuruka mpaka dola 15,100 za Australia kwa megawati-saa, yaani yuniti elfu moja za umeme. Lakini ukijumlisha bei zote za siku 7 zikapita dola 1,359,100, mnada ulikuwa unawekewa kufuli: hakuna bei kuvuka dola 300.

"Ndicho kilichotokea," mdogo wangu akasema. "Sisi jimbo la Queensland tulifika Jumapili. Wenzetu wa majimbo mengine wakafuata Jumatatu."

"Si vizuri?" akauliza wa bodaboda. "Bei imeshuka."

"Bei imeshuka. Umeme nao ukaanza kupotea."

Baridi ilikuwa imewahi mwaka ule, mitambo kadhaa ya makaa ilikuwa matengenezoni au mibovu, na makaa na gesi vilikuwa vimepanda dunia nzima. Gesi ilikuwa imewekewa kikomo chake, dola 40 kwa gigajuli, kipimo wanachouzia gesi. Mtambo wa gesi unakula kama gigajuli 10 kutoa megawati-saa moja. Piga hesabu mwenyewe: dola 400 za gesi peke yake, uuze kwa 300. Wenye mitambo wakawa wanaondoa megawati zao mnadani. Siku ile ile AEMO walilazimika kuamuru megawati kama 5,000 ziwashwe kwa nguvu ya sheria. Na sheria inasema anayeamriwa hulipwa fidia, kwa hiyo kukaa pembeni ukisubiri amri ikawa ndiyo biashara.

Hapo Mjomba alikuwa ameshaweka kikombe chini.

"Hiyo ni Agosti ya petroli," akasema.

Wenye umri wetu wanaikumbuka. Agosti 2011 EWURA walitangaza bei mpya, chini ya iliyokuwepo. Wauzaji wa jumla wakasema mzigo ulioko matangini waliununua kwa bei ya juu. Ghafla nchi nzima vituo vikakauka, Bunge likachemka Dodoma, serikali ikatoa amri ya saa 24. Na yote hayo katikati ya mgao wa umeme, kila mwenye jenereta anatafuta dizeli. Tanga petroli ilihamia kwenye chupa za maji, nyuma ya nyumba, kwa bei ya kumwonea mtu haya.

"Ukimwambia mtu auze kwa hasara," Mjomba akaendelea, "hagomi. Pampu yake inaharibika tu."

Wa bodaboda hakukubali. Kwake kikomo ni kikomo, bila hicho matajiri watamla mtu na mifupa yake. Nami nilikuwa upande wake zaidi kuliko Mjomba alivyopenda. Nikawapa habari ya Texas, Marekani, Februari 2021, barafu kali ilipozima umeme. Kule kikomo kilikuwa dola 9,000 za Marekani kwa megawati-saa, na mamlaka ya serikali yenyewe iliagiza bei ikae pale pale juu, kwa hoja kwamba watu wanapokatiwa umeme bei lazima ionyeshe uhaba. Ikakaa siku kadhaa, hata baada ya kukatiana umeme kwisha. Watu waliokuwa na mikataba inayofuata bei ya soko wakapata ankara za maelfu ya dola. Mwaka uliofuata kikomo kikashushwa hadi 5,000. Mabomba na visima vya gesi vilikuwa vimeganda. Hata ungeweka dola 90,000 visingeyeyuka. Sijawahi kuona utetezi wa bei ile ulionishawishi.

"Sasa mwalimu uko wapi?" fundi akauliza. Alikuwa kimya muda wote.

Nikasema kikomo kiwepo, lakini anayekiweka awe na ufunguo wa ghala mkono mmoja na pochi mkono wa pili: aamuru mtambo uwashwe, na amlipe mwenye mtambo gharama yake ya kweli baada ya kukagua risiti. Akikosa kimojawapo, ametoa tangazo tu. Fundi akatikisa kichwa, lakini hakuwa ananitazama mimi.

"Mzee," akamwambia Mjomba, "Agosti ile nilikuja kituoni kwako na dumu. Mke wangu uchungu umeshamshika, pikipiki kavu. Ukaniambia pampu mbovu."

"Nakumbuka."

"Ilikuwa mbovu nini?"

Nilidhani Mjomba ataipindisha kwa mzaha, maana ndiyo kawaida yake. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Haikuwa mbovu. Tajiri alipiga simu asubuhi. Mimi mwenyewe niliufunga mkono wa pampu kwa mfuko wa rambo, nikabandika karatasi."

"Tangini mlikuwa na kitu?"

"Nilipima na fimbo. Lita elfu mbili na mia tatu."

Fundi alimpeleka mkewe hospitali ya Bombo kwa guta, amelalia godoro, mwenye guta akidai elfu kumi kwa sababu anajua hakuna gari litakalokuja. Binti aliyezaliwa siku ile ndiye aliyekuwa ametuletea kahawa ile ile tuliyokuwa tunakunywa. Mdogo wangu, ambaye hakuona nyuso zetu, akauliza kama mtandao umekata. Nikamwambia arudi kazini, tutaongea.

Asubuhi nilikuta ujumbe wake: soko lote limesimamishwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lianze mwaka 1998. AEMO wamechukua usukani, bei wanapanga wao, mitambo wanaiamuru wao, na wenye mitambo wataleta madai ya fidia. Lilifunguliwa tena rasmi tarehe 24. Desemba kile kikomo cha dola 300 kikapandishwa hadi 600.

Jioni nikawasomea ule ujumbe. Mjomba akalishika neno fidia kwa mikono miwili.

"Umeona? Wenzetu wanalipwa. Sisi nani alitufidia?"

"Mzee, ukishapata yako," fundi akasema, "mimi nadai ya guta. Elfu kumi."

Mjomba akamwagizia kahawa na kashata, jumla mia mbili. Fundi akanywa, akala, akafuta vidole.

"Bado elfu tisa na mia nane," akasema.